Mchakato Halali wa Simu na Ule wa Kuigiza: Ulinganisho kwa Mwenye Android

Mtumiaji wa simu ya Android mjini Kisumu au Nakuru akifungua orodha ya programu zote, pamoja na zile za mfumo, hukutana na majina ambayo hakuyaweka yeye: Google Play Services, Android System WebView, SIM Toolkit, Carrier Services, Android System Intelligence na mengine mengi yasiyoeleza kazi yake. Hapo ndipo makosa mawili hutokea. Mmoja, akiwa na wasiwasi kwamba simu inakula bando, huzima programu halali na baadaye akashindwa kupokea ombi la kulipa kwa M-Pesa akiwa dukani. Mwingine, akiliona neno "System" kwenye jina, huamini kwamba hicho ni kitu cha kiwanda, na hivyo huiacha programu hasidi iendelee kusoma ujumbe wake kwa miezi. Ulinganisho huu unaweka halali na bandia kando kwa kando, ili mwenye simu aamue kipi cha kuacha, kipi cha kuzima na kipi cha kuondoa.

Msimamo wangu nautaja mapema: jina na aikoni havithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni kitambulisho cha programu, mahali ilikotoka, ruhusa ilizonazo na namna inavyoitikia mtu anapojaribu kuiondoa. Mambo haya manne yasomwe pamoja, kwa sababu kila moja likisimama peke yake lina mwanya wake.

Jina na kitambulisho

Kila programu ya Android ina utambulisho wa aina mbili. Wa kwanza ni jina linaloonekana na aikoni, ambavyo mtengenezaji yeyote huviandika na kuvichora apendavyo. Wa pili ni kitambulisho, yaani mfuatano wa maneno na nukta kama com.google.android.gms, pamoja na sahihi ya kidijitali ya aliyeiunda. Mfumo wa Android haukubali programu nyingine isakinishwe kwa kitambulisho kilichokwisha kutumika, wala haukubali sasisho lisilobeba sahihi ile ile ya programu ya awali. Ni kama matatu: mtu anaweza kulipaka gari lake rangi za sako yoyote inayokwenda Kakamega na kuandika jina lake ubavuni, lakini nambari ya usajili ya gari jingine hawezi kuibeba barabarani bila kugongana na mwenyewe.

Kwa hiyo Google Play Services halisi hubeba kitambulisho com.google.android.gms, Play Store hubeba com.android.vending, sehemu inayochora upau wa arifa na vitufe vya chini hubeba com.android.systemui, WebView ya Google hubeba com.google.android.webview, na SIM Toolkit kwa kawaida hubeba com.android.stk. Programu bandia inayojiita "Google Play Services" kwenye simu iliyo na ile halisi italazimika kubeba kitambulisho kingine. Mara nyingi mtengenezaji wake huongeza neno la kutia imani, kama "update" au "security", au hupanga herufi zisizo na maana yoyote. Ukiona majina mawili yanayofanana kabisa kwenye orodha, moja lina neno la kujibu, isipokuwa kama umewasha nakala pacha za programu au una wasifu wa kazini, ambapo ya pili huwa na alama ndogo kwenye aikoni.

Kukiona kitambulisho si kazi ngumu. Baadhi ya simu hukionyesha kwenye ukurasa wa maelezo ya programu. Kwa zisizokionyesha, mwenye simu huingia katika Mipangilio, hufungua sehemu inayoeleza kuhusu simu, kisha hubonyeza nambari ya muundo mara 7 hadi chaguo za wasanidi zifunguke, na humo kwa kawaida huikuta orodha ya huduma zinazoendelea kwa wakati huo. Fundi mwenye kompyuta na kebo ya USB ana njia iliyo bora zaidi: amri "adb shell pm list packages -3 -i" huorodhesha programu zisizo za mfumo peke yake, pamoja na iliyozisakinisha. Programu iliyotoka Play Store huonyesha kwamba ilisakinishwa na com.android.vending. Inayodai kuwa ya mfumo kisha ikajitokeza kwenye orodha hii bila alama hiyo imejifichua yenyewe.

Hapa mafundi wengine huteleza. Hutazama mahali faili lilipo, na likiwa ndani ya /data/app huhukumu kwamba si la kiwanda. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa programu halali ya mfumo inaposasishwa kupitia Play Store, toleo jipya huhifadhiwa humo humo katika /data/app huku la zamani likibaki katika sehemu ya mfumo. Google Play Services husasishwa mara kwa mara, hivyo karibu kila simu itaionyesha huko.

Kuhusu kitufe cha kuondoa, kanuni inayotajwa sana ni kwamba programu ya mfumo huwa na kitufe cha "Zima", au kitufe kilichofifia, ilhali ya kusakinishwa huwa na "Sanidua". Kanuni hii husaidia mara nyingi, lakini ina pande mbili za kuponyoka. Kuna sehemu halali za Google ambazo huletwa baadaye na huweza kusaniduliwa. Kwa upande mwingine, programu hasidi iliyopewa usimamizi wa kifaa, yaani mamlaka ya kuidhibiti simu, hukizima kitufe cha kusanidua, ikaonekana kama mali ya kiwanda. Kwa sababu hiyo kitufe kihesabiwe kuwa ushahidi mmoja kati ya kadhaa.

Sasisho la mfumo na sasisho la kuigiza

Kati ya sura zote ambazo programu hasidi huvaa, ya sasisho la mfumo ndiyo naiona hatari kuliko zote, kwa maana sasisho ni jambo ambalo sisi wenyewe tumewahimiza watu walikubali. Mwezi Machi 2021 kampuni ya usalama ya Zimperium ilieleza programu ya ujasusi iliyojiita "System Update". Haikuwahi kuwekwa Play Store. Ikishasakinishwa, ilituma taarifa kwa mwendeshaji wake kupitia Firebase, huduma ya Google ya wasanidi programu, ilisoma ujumbe, ilirekodi sauti na simu, ilichukua picha na mahali simu ilipo, na ilipokuwa ikifanya kazi ilionyesha arifa ya kudanganya kwamba inatafuta sasisho.

Iwekwe kando ya sasisho la kweli. Sasisho la kweli la mfumo hupatikana ndani ya Mipangilio yenyewe, huonyesha toleo na ukubwa wake, na likishapakuliwa huitaka simu iwashwe upya. Haliji kama faili ya APK, yaani faili ya kusakinishia programu, ndani ya WhatsApp, Telegram au kiungo cha ujumbe mfupi. Halikuombi uruhusu kivinjari kisakinishe programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Zaidi ya yote, haliombi ruhusa ya ufikivu.

Ruhusa hiyo ya ufikivu inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo ufunguo ambao programu nyingi hasidi za benki huutafuta. Huduma ya ufikivu ilibuniwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kutumia vidole kwa wepesi. Programu iliyopewa ruhusa hii husoma kilichoandikwa kwenye skrini na huweza kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. TalkBack, inayowasomea wasioona, haiwezi kufanya kazi bila uwezo huo. Lakini uwezo ule ule, ukiwa mikononi mwa mwizi, husoma salio, hufungua programu ya benki, hujiongezea ruhusa nyingine, na huondoka haraka kwenye ukurasa wa kusanidua kila unapoufungua. Mwenye simu aingie sehemu ya ufikivu katika Mipangilio atazame huduma zilizowashwa. Kwa mtu asiyehitaji kisomaji cha skrini wala kifaa kingine cha kumsaidia, kwa kawaida hapatakiwi kuwepo kitu pale. Akikuta jina kama "System Service" au "Play Protect" (jina la kinga ya Google inayokagua programu) limewashwa humo, amepata jibu bila kuhitaji kompyuta.

Mfumo wenyewe umeanza kulitambua tatizo hili. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu iliyosakinishwa kwa kufungua faili ya APK huzuiwa kwanza kupewa ruhusa ya ufikivu, na mtu hulazimika kwenda kuiruhusu kwa makusudi. Mwaka 2024 Google nayo ilianza nchini Singapore majaribio ya ulinzi wa ziada ndani ya Play Protect, kisha katika mwaka huo huo ikayapeleka katika nchi nyingine zikiwemo Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Ulinzi huo huzuia usakinishaji wa faili iliyotoka kwenye kivinjari, programu ya ujumbe au kidhibiti faili, iwapo inataka kusoma SMS, kusoma arifa au kutumia ufikivu. Ndiyo maana matapeli wa siku hizi humwelekeza mtu kwa simu, hatua kwa hatua, jinsi ya kuizima Play Protect. Anayekuelekeza hivyo hakusaidii, hata akijitambulisha kwa ofisi gani.

SIM Toolkit na dirisha la kuomba PIN

Kwa Mkenya, hakuna programu ya mfumo inayogusa mfuko moja kwa moja kama SIM Toolkit. Ndiyo inayoendesha menyu iliyomo ndani ya laini, na ndiyo inayochora lile dirisha la kuomba PIN mteja anapolipa kwa M-Pesa kwenye tovuti au dukani. Jina lake hutofautiana: simu moja huiita SIM Toolkit, nyingine STK, nyingine huonyesha jina la mtandao wenyewe. Haina aikoni ya kupendeza, haitumii data ya kuonekana, na watu wengi wanaosafisha simu zao huidhania kuwa takataka. Ukiizima, menyu ya M-Pesa ya kwenye laini na yale maombi ya PIN huweza kupotea, ukabaki kutegemea *334# au programu ya M-Pesa. Uamuzi wangu hapa hauna shaka: iachwe.

Kinachoiigiza hakijiiti SIM Toolkit kwa lazima. Programu hasidi iliyopewa ruhusa ya kuonyesha vitu juu ya programu nyingine huweza kuchora dirisha lake na kumsubiri mtu aandike PIN. Tofauti zipo, na mtu akizizoea huziona. Ombi la kweli hutaja anayelipwa na kiasi, huja muda mfupi baada ya malipo kuanzishwa, na hutokea hata data ikiwa imezimwa kwenye simu yako, kwa sababu hupitia mtandao wa simu wala si intaneti. La kuigiza huelekea kutokea unapofungua programu ya benki au ya mkopo, huweza kuwa na nembo na rangi za kuvutia, na wakati mwingine huomba PIN pamoja na nambari ya kitambulisho au mwaka wa kuzaliwa, mambo ambayo ombi la malipo halihitaji. Ni kweli pia kwamba tapeli anaweza kusababisha ombi halisi lije bila wewe kununua chochote; hilo halitokani na programu hasidi, na dawa yake ni kulikataa. Ujumbe wa ulaghai hutumwa bure kwa nambari 333 ya Safaricom.

Programu za mikopo zina nafasi yao katika hadithi hii. Tangu mwaka 2023 Google huzitaka programu za mikopo ya kibinafsi nchini Kenya zithibitishe leseni yake au uhalali wake, na imezikataza kusoma orodha ya majina na nambari zilizohifadhiwa kwenye simu na picha za mkopaji. Inayosambazwa kwa kiungo nje ya Play Store hukwepa masharti yote hayo kwa pamoja. Mkopaji wa Bungoma aliyekataliwa mkopo kwingine huipokea kwa shukrani, na ikishaingia mara nyingine hubadilisha jina na aikoni yake ili ionekane ni sehemu ya mfumo.

Majina mageni ambayo ni halali

Hofu nayo ina madhara yake, hivyo upande wa pili wa mizani utazamwe. Mwishoni mwa mwaka 2024 Google ilianza kuweka katika simu nyingi sehemu iitwayo Android System SafetyCore, yenye kitambulisho com.google.android.safetycore, bila kumtangazia mwenye simu kwa namna ya kueleweka. Mapema mwaka 2025 watu walipoigundua kwenye orodha zao walidhani wamevamiwa. Ni halali: hutumika kuchambua picha ndani ya simu yenyewe, kwa mfano katika kipengele cha Google Messages kinachotoa onyo kuhusu picha za utupu. Huweza kusaniduliwa, na simu haitasimama ikisaniduliwa, ingawa huweza kurudi pamoja na sasisho. Ni haki kulaumu namna ilivyoletwa, lakini kuifananisha na wizi si sahihi.

Android System WebView ni ya kuachwa. Hiyo ndiyo inayoziwezesha programu nyingine kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake. Mwezi Machi 2021 sasisho lake lenye hitilafu lilizifanya programu nyingi, ikiwemo Gmail, zijifunge kila zilipofunguliwa katika nchi mbalimbali. Simu iliyojifunga siku hiyo haikuwa na programu hasidi yoyote, na aliyekimbilia kufuta data zake zote alipoteza bure. Play Services vilevile huweza kupanda juu kwenye orodha ya matumizi ya betri, hasa simu inapotafuta mahali ilipo au inaposawazisha akaunti, na hilo peke yake halimaanishi uvamizi. Kinachotia shaka ni programu usiyoijua inayotumia data nyingi za chinichini usiku, wakati hukuitumia hata dakika moja mchana.

Simu za mkopo zina kitu chao. Tangu Safaricom na Google zilipozindua Lipa Mdogo Mdogo mwezi Julai 2020, na wauzaji wengine wa mkopo wakiwa na mipango yao, simu nyingi zina programu ya kufunga kifaa mteja asipolipa. Programu hiyo ina usimamizi wa kifaa, haiondoki, na huweza kuifunga skrini. Kwa vigezo vyangu vinne ingeonekana hasidi. Kinachoitofautisha ni kwamba iliwekwa na muuzaji kabla hujakabidhiwa simu, imetajwa kwenye mkataba, na haina haja ya kusoma SMS wala ufikivu. Anayenunua simu ya mtumba aulize kwanza kama deni lake limemalizika, kwa kuwa kufuli hiyo humfuata mnunuzi wa pili.

Hasidi iliyozaliwa na kifaa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba programu ya kiwanda ni safi siku zote. Sivyo. Programu hasidi iitwayo Triada, iliyoelezwa na Kaspersky mwaka 2016, baadaye ilikutwa ndani ya mfumo wa simu kadhaa kabla hazijauzwa, na mwaka 2019 Google ilithibitisha kwamba iliingizwa na watoa huduma wa nje katika mlolongo wa utengenezaji. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Upstream iliripoti kuzikuta Triada na programu nyingine hasidi iitwayo xHelper kwenye simu za Tecno W2 katika nchi za Afrika zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila idhini yao. Transsion, kampuni inayomiliki Tecno, ilisema tatizo lilitoka kwa muuzaji mwingine katika mnyororo wa ugavi.

Visanduku vya televisheni vya bei rahisi viko hatarini zaidi kuliko simu. Mwezi Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ilieleza uvamizi wa visanduku vya Android takriban milioni 1.3 katika nchi 197. Faili moja la uvamizi huo liliitwa vo1d, kwa tarakimu 1 mahali pa herufi l, ili lifanane na vold, ambao ni mchakato halali wa Android unaosimamia hifadhi. Hapa ule uchunguzi wa orodha ya programu hausaidii, kwa kuwa faili limejiweka ndani ya mfumo wenyewe. Kwa kisanduku cha namna hii ushauri wangu ni kukiacha, na kununua kilichothibitishwa na Play Protect. Kwenye simu, uthibitisho huo huonekana ndani ya mipangilio ya Play Store, katika sehemu ya kuhusu.

Kuna pia ujasusi wa nyumbani, ambapo mtu wa karibu, mara nyingi mpenzi au mwenzi, huishika simu ikiwa wazi na kuweka programu ya kufuatilia inayojiita "System Service" au "Sync". Dalili yake kubwa ni Play Protect kuwa imezimwa ilhali wewe hukuizima, pamoja na kivinjari au kidhibiti faili kuwa na idhini ya kusakinisha programu ambayo hukuitoa. Hapa naomba subira. Ukiiondoa ghafla, aliyeiweka hutambua papo hapo, na kama ni mtu wa kupiga, usalama wako hutangulia usafi wa simu. Tumia simu ya mtu mwingine kuomba msaada kwanza, piga picha za ukurasa wa programu hiyo kwa kifaa kingine, kisha uamue. Kuingia kwenye mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na kuwa mume au mke hakuliondoi kosa hilo.

Wenye iPhone wana kazi ndogo zaidi: hawaioni orodha ya michakato, na wakague wasifu wa usanidi, yaani faili la mipangilio lililowekwa kutoka nje, wasioujua katika Mipangilio.

Kuchagua njia ya kuondoa

Njia nne hutumika, na zinatofautiana kwa gharama na kwa kina. Kuchunguza kwa Play Protect ni bure na ndiyo hatua ya kwanza, lakini huweza kupitwa na programu mpya ambayo bado haijatambuliwa. Sishauri kusakinisha wasafishaji wawili watatu juu yake, kwa kuwa matangazo ya "simu yako ina virusi" yenyewe ni mlango wa programu bandia.

Hali salama ndiyo ninayoipendelea kwa mtu wa kawaida. Katika simu nyingi mtu hubonyeza kitufe cha kuwasha, kisha hushikilia kwa muda chaguo la kuzima hadi simu iulize kuhusu hali salama. Simu ikiwaka hivyo, programu za kusakinishwa hazifanyi kazi, na ile iliyokuwa ikikufukuza kwenye ukurasa wa kusanidua haina tena nguvu. Mwenye simu huondoa kwanza usimamizi wa kifaa iliopewa, kisha huisanidua. Matokeo yake ni kipimo pia: tatizo likitoweka katika hali salama, chanzo ni programu iliyosakinishwa, likiendelea, chanzo kiko kwenye mfumo au kwenye kifaa.

Kurejesha mipangilio ya kiwandani hufuta kila kitu cha mtumiaji, hivyo huondoa takriban kila programu hasidi iliyoingia kwa APK. Kabla ya kuifanya, hifadhi nakala ya WhatsApp na picha, na uhakikishe unalikumbuka nenosiri la akaunti ya Google, maana simu huliuliza baadaye. Wakati wa kurejesha, chagua programu moja moja badala ya kukubali zote. Lakini njia hii haiwezi kitu dhidi ya xHelper, ambayo Symantec mwezi Oktoba 2019 ilikadiria kuwa imefika kwenye simu 45,000 na ambayo ilirudi baada ya kila usafishaji. Kaspersky ilieleza mwaka 2020 kwamba katika simu za Android 6 na 7 ilijipatia mamlaka ya juu na kuandika faili zake kwenye sehemu ya mfumo, mahali ambapo urejeshaji haugusi. Ndiyo sababu kigezo changu kwa mnunuzi wa simu ya mtumba, iwe Kondele, Kisumu, au katikati ya jiji la Nakuru, ni toleo la Android kabla ya ukubwa wa kamera. Aitazame pia skrini simu inapowaka: onyo kwamba kifaa kimefunguliwa na hakiwezi kuaminiwa humaanisha ukaguzi wa mfumo umeondolewa, na mfumo uliomo huenda si ule wa kiwandani.

Kinachobaki ni kuflashi, yaani kuandika upya mfumo wote. Huifanya fundi, na ubora wake ni ubora wa faili analotumia, kwa sababu faili lililookotwa kwenye tovuti isiyojulikana huweza kuwa na Triada ndani yake. Muulize analipata wapi, na umtake atumie la mtengenezaji kwa nambari kamili ya modeli yako. Toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kumwachia simu, na usimpe PIN ya M-Pesa kwa sababu yoyote. Ukiwa unasubiri, tumia simu nyingine safi kubadilisha nenosiri la Google na la benki, na uondoe kwenye akaunti yako vifaa usivyovitambua. PIN ya M-Pesa ibadilishe laini ikiwa ndani ya simu unayoiamini, kisha ndipo uirudishe laini hiyo kwenye simu iliyoflashiwa.